Kofia ya Kamanda

Jumapili, 1 Septemba

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Hata Mungu nimemwambia kwa kuzungukazunguka. Mwezi wa saba, siku ambayo vazi la Dada Mukeshimana lilipasuka mnadani na watu wakapiga kelele "Maboksi! Maboksi!", na mimi nilipiga kelele. Vazi lile nilikuwa nimelitengeneza mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Kikundi cha sarakasi cha Kaka Festo hucheza minadani na kwenye ufunguzi wa maduka. Mwaka huu waliamua kucheza kama askari wa Kikosi cha Mwezi wa Pili, ile tamthilia ya anga ambayo watoto wote hapa Isevya wanaijua, iliyotafsiriwa na yule bwana mwenye sauti ya kukwaruza. Niliposikia wanatafuta mtu wa kutengeneza mavazi, nilichora vazi la Kamanda upande wa mbele na wa nyuma, nikampa Dada Mukeshimana mchoro njiani, nikakimbia. Yeye ndiye anayecheza Kamanda. Alinifuata mpaka kwa Shangazi na kusema, "Mdogo wangu, mbona unakimbia kama umeniibia?"

Nikayatengeneza kwa maboksi ya sabuni, rangi ya fedha na waya. Siku ya kucheza nilisimama kwenye umati na wasichana wa darasa langu. Hawakujua kazi ni yangu. Kwenye samasoti ya pili kifua cha Kamanda kilifunguka katikati, na neno SABUNI likaonekana kwa ndani. Mtu akapiga kelele. Julieth, anayekaa nyumba ya jirani, akanigusa kiwiko huku akicheka, akanitazama. Nikafungua mdomo. Naamini nilipaza sauti kuliko yeye.

Dada Mukeshimana alitoka na damu shingoni. Waya wangu ulimkata. Sasa ana kovu jembamba chini ya sikio la kushoto, na bado ananiita mdogo wangu.

Leo Kaka Festo amekuja. Tarehe tisa Novemba kuna tamasha Nzega. "Profesa, nakupa nafasi ya pili," amesema. "Mavazi yakitoboka tena, Kikosi kimekufa, tunarudi kuruka na fulana. Yakishika, unapanda gari na sisi popote. Unakuwa mtu wetu."

Nimeandika "mtu wetu" kwenye jalada la daftari hili. Kisha nimefuta.

Jumanne, 3 Septemba

Jua. Kamusi ya shule inasema vazi la vita la chuma huitwa deraya. Hakuna mtu mwingine hapa mtaani anayetumia neno hilo, kwa hiyo naona kama ni langu.

Jumamosi, 7 Septemba

Sabiri, mwenye banda la video, ameniruhusu kuja asubuhi kabla ya wateja. Sharti lake ni nifagie. Ananipa rimoti na mimi nasimamisha picha. Leo nimeisimamisha mara arobaini na moja.

"Wenzako wanaangalia nani anakufa," amesema. "Wewe unaangalia vifungo."

Nimegundua makosa yangu ya Julai. Kifua cha Kamanda si kipande kimoja. Ni mabamba manne yanayopandana kama magamba ya kakakuona. Mistari myekundu kwenye bega la kushoto ni mitatu, nami niliweka miwili. Kofia haina pua. Ina mwanya mmoja mwembamba wa macho, na kwa chini kuna pete nene inayozunguka shingo.

Watoto wa minadani wanayajua haya yote. Huwezi kuwadanganya.

Jumatano, 11 Septemba

Jua. Nimezunguka kwa mafundi viatu kuomba soli za kandambili zilizokufa. Nimepata kumi na tisa. Hakuna aliyeniuliza za nini.

Jumapili, 15 Septemba

Kuimba kanisani, kisha nyumbani. Nimekata dumu la njano la mafuta ya kula, nikatumbukiza vipande kwenye maji ya moto na kuvikunja juu ya chungu kilichofunikwa kichwa chini. Kwa juu plastiki ya dumu, kwa ndani soli za kandambili ili mwili usiumie. Shangazi Elieth amesimama mlangoni mwa banda la jikoni kwa muda mrefu.

"Recheli, hicho chungu ni cha mboga."

"Ndiyo, Shangazi."

"Basi leo tutakula askari."

Shangazi si mkali. Ila tukishamaliza kula hatuna la kusema, na wote wawili tunajua.

Jumatatu, 23 Septemba

Jua tena. Gundi ya viatu inaachia. Nikiyaweka mabamba juani saa sita yanafunguka kama midomo.

Alhamisi, 26 Septemba

Yameachia tena.

Jumamosi, 28 Septemba

Dada Mukeshimana amekuja kujaribu kifua. Ameruka samasoti moja tu uani, na bamba la chini limetoka na kumgonga kuku. Amecheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama kovu.

Amekaa mpaka jioni. Amenieleza kwamba kwao Ulyankulu bibi yake bado anamwombea kila siku aache kurukaruka na aolewe. "Namwambia, Bibi, nikiwa juu kule hewani ndipo napumzika." Kisha akaniuliza, "Na wewe unapumzikia wapi?"

Jibu nililipata alipoondoka: hapa uani, yeye akiwepo. Nimechelewa, kama kawaida yangu.

Ijumaa, 4 Oktoba

Joto. Mwalimu wa historia ametufundisha habari za wapagazi waliotoka hapa Unyanyembe hadi pwani. Nilijua jibu la maswali yote matatu. Sikunyoosha mkono.

Jumamosi, 12 Oktoba

Niko Ipole kwa Baba, kwa kuwa Jumatatu ni sikukuu. Nilifika jana jioni. "Mwadila," akanisalimu kutoka mbali, kama vile nilikuwa nimetoka kuteka maji tu. Sijamwona tangu Aprili.

Baba anatengeneza mizinga ya nyuki ya magome kabla mvua haijaanza. Leo nimemtazama tangu asubuhi. Anabandua gome zima la mti, analikunja liwe kama pipa, kingo zinapandana, halafu anatoboa na kupitisha kamba. Nikamwuliza kwa nini hatumii gundi au misumari. Baba hupenda kuulizwa maswali ya kazi. Maswali mengine yanamchosha.

"Gome ni kitu kinachotembea. Jua likiwaka linajikunja, mvua ikinyesha linajinyoosha. Ukiligandisha linapasuka. Lifunge, liache lipumue."

Nikaomba kamba, nikakaa karibu yake. Nimeshona na kufumua mpaka vidole vimevimba. Hivyo ndivyo mabamba yangu yanavyotakiwa: yasigandishwe, yafungwe, ili mwili ukijikunja nayo yateleze.

Baba akanitazama nikifumua mara ya tano. Akanisimulia habari ambayo babu yake alimpa, mzee aliyepagaa mizigo. Katika msafara wao kila mtu alifunga mzigo wake mwenyewe. Mzigo ukilegea njiani, aliyeufunga ndiye alipiga magoti kuufunga upya, na msafara mzima ulisimama ukimtazama. "Hapo ndipo mtu alijulikana," akasema Baba. Sikuuliza alijulikana kwa nini.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimerudi Tabora. Baba amenipa bonge la nta, kubwa kama mkate, na kuniambia inang'arisha na kuzuia maji. Yeye huipaka ndani ya mizinga mipya kabla ya kuitundika. Kesho anaingia msituni kwa wiki nne. Huko simu haishiki. Nilitaka kumwambia kuhusu "Maboksi". Gari likaja.

Jumapili, 20 Oktoba

Shangazi amenishangaza. Ameniona nahangaika na sindano ya kawaida, akaenda chumbani, akarudi na shazia, sindano ndefu ya magunia, na fundo la kamba. Kumbe kabla sijazaliwa alikuwa akishona majora, yale marobota ya tumbaku, kule kwenye chama cha ushirika.

"Hapa unavuta hivi, unazungusha mara mbili. Jora likidondoka kutoka juu ya lori, halifunguki."

Tumeshona pamoja hadi magharibi. Ana mikono ya haraka sana. Miaka mitatu nimekaa naye, na sikuwahi kumwuliza alifanya kazi gani zamani. Mimi ndiye niliyedhani yeye hana maneno.

Jumatano, 23 Oktoba

Mawingu. Hakuna kitu.

Jumamosi, 26 Oktoba

Kifua kimeshika! Samasoti saba, na moja ya kinyumenyume. Festo amelipiga bamba kwa ngumi na kupuliza vidole. "Hii siyo boksi, hii ni Tabora yenyewe." Mavazi mengine matano yako tayari pia. Yalikuwa rahisi kutengeneza kwa sababu askari wa kawaida hawana mabega makubwa.

Imebaki kofia ya Kamanda.

Ijumaa, 1 Novemba

Joto la kuua. Kofia imekamilika. Nimeipaka nta nje ili ing'ae kama kwenye picha, kisha nikaipaka na ndani, tabaka tatu, hasa kwenye pete ya shingo, ili isikwaruze lile kovu. Nikiiweka usoni nasikia harufu ya Ipole.

Mishono ya pete imemaliza kamba yote ya Shangazi.

Jumapili, 3 Novemba

Panya wameng'ata kona ya pete. Nimeitundika kofia kwa waya kwenye boriti ya banda la jikoni na kuziba shingo yake kwa ubao. Sasa umebaki mwanya wa macho tu. Hawawezi kuingia.

Jumanne, 5 Novemba

Mawingu. Mtihani wa jiografia. Nyuki wawili watatu wanazunguka jikoni, nadhani wanatafuta maji.

Alhamisi, 7 Novemba

Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umevimba. Nitaandika yote.

Nilipotoka shuleni Mama Julieth alikuwa amesimama barabarani na khanga kichwani. "Recheli! Njoo uone, madude yako yamezaa!"

Kofia ya Kamanda ilikuwa inanguruma. Nyuki walikuwa wanaingia na kutoka kwenye mwanya wa macho kana kwamba wamepanga hapo tangu zamani, na wengine walikuwa wamening'inia chini ya ubao kama ndevu. Nilielewa mara moja, na aibu ilinipanda kutoka miguuni. Chombo chenye giza, kimetundikwa juu, kimepakwa nta ndani, kina mlango mmoja mwembamba. Mimi, binti wa Raymundi wa Ipole, nilikuwa nimetundika mzinga juu ya jiko la shangazi yangu, nami ndiye ninayeitwa Profesa.

Vijana wa mtaa wakaja na chupa ya mafuta ya taa. "Tunachoma, dakika moja tu." Shangazi alikuwa amejifungia ndani na anaimba wimbo wa kanisa kwa sauti kubwa. Tamasha ni keshokutwa. Ninaogopa watu, lakini nilisimama mlangoni mwa banda na kusema, "Hapana." Sauti ilitoka ndogo. Nikasema tena, "Hapana. Nyuki wageni hawana hasira, bado wameshiba. Jua likishuka nitawatoa."

"Wewe?" akauliza mmoja.

"Mimi."

Walibaki wakicheka nje ya uzio. Nilimpigia Baba ingawa nilijua hapatikani. Kisha nikampigia Dada Mukeshimana.

Alikuja amevaa deraya yote, kifua, mabega, mikono na miguu, na chandarua amejifunga kichwani. Watoto walimfuata njia nzima wakiimba wimbo wa Kikosi. "Si ulisema inazuia kila kitu?" akaniambia. "Leo tutajua."

Tukakaa kwenye ngazi kungoja jua lishuke. Nilikuwa na furaha, na naandika hivyo ingawa inauma. Kisha akasema, "Unajua ile siku ya mnada, watu walivyopiga kelele, mimi nilikuwa nakuwaza wewe. Nilikuwa nasema moyoni, mdogo wangu asiwe karibu, asiyasikie haya."

Ningeweza kunyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoijua kuliko kazi zote.

"Nilikuwepo, dada," nikasema. "Na mimi nilipiga kelele."

"Kelele gani?"

"Maboksi."

Akageuka. Kwa sababu ya chandarua sikuuona uso wake vizuri.

"Wakati damu inanitoka?"

"Kabla. Lakini nilipoiona damu sikuja. Niliondoka na akina Julieth. Tukanunua barafu."

Akaanza kukwangua rangi kwenye bamba la goti kwa ukucha. Jua lilikaa juu ya mabati ya kwa Mama Julieth, likakaa tena. Mwishowe akasimama.

"Limeshuka. Washa moshi."

Tuliwasha magunzi na samadi kavu kwenye kopo. Yeye alishika moshi, mimi nikashusha kofia. Ubao ulikuwa umeshikiliwa na pete ya shingo, na kwa haraka nilichukua kisu nikakata mishono yote ya pete. Nikainamisha kofia juu ya boksi la sabuni lililobaki tangu Julai, nikaitikisa mara moja kwa nguvu kama Baba anavyofanya. Waliteremka kwa pamoja, wazito, kama uji. Ndani palibaki sega jeupe dogo kama ulimi wa mbuzi. Niliumwa mara tisa. Yeye aliumwa mara moja, kidoleni, mahali ambapo deraya haifiki.

Tulibeba boksi mpaka ng'ambo ya reli, kwenye vichaka, tukaliacha wazi. Tukarudi, yeye mbele, mimi nyuma. Kwenye uzio alifungua chandarua, akanipa.

"Kesho mpe Festo hiyo kofia," akasema. Hakusema mdogo wangu.

Ijumaa, 8 Novemba

Mvua ya kwanza, saa kumi alfajiri. Imeacha harufu nzuri ambayo sikuitaka.

Nimeshona pete upya kabla ya shule. Kamba ya majora imekwisha, duka la kamba lilikuwa bado limefungwa, na Festo alitaka kofia saa moja. Nilitumia uzi wa pamba wa Shangazi, nikauzungusha mara nne badala ya mbili. Nilijua si sawa.

Festo hakujua lolote. "Gari linaondoka kesho saa kumi na mbili, Profesa. Nafasi yako ipo nyuma, na Mukeshimana." Dada Mukeshimana alikuwa anafunga virago. Hakuinua kichwa.

Nilimwambia Festo nina mtihani wa ziada. Nimerudi nyumbani. Shangazi ameuliza kama nasafiri kesho, nikasema hapana. Akanitazama, akaenda dukani kwenye mvua, akarudi na fundo la kamba ya magunia, akaliweka mezani karibu na shazia. Akaenda kulala.

Jumapili, 10 Novemba

Jana nilipanda basi la saa moja, peke yangu, kwa nauli aliyonipa Shangazi. Shazia ilikuwa kwenye soksi na kamba mfukoni. Sikuwa na mpango. Nilitaka tu kuwa mahali ambapo kitu kile kipo.

Uwanja wa Nzega ulikuwa na matope na watu wengi kuliko nilivyowahi kuona. Nilisimama safu ya tatu, nyuma ya mama mwenye beseni la karanga. Walipoingia watoto walinyamaza. Halafu mmoja akasema, "Mistari mitatu! Ona, mitatu!" Mwingine akasema, "Ndiye kabisa!" Maji ya mvua yalikuwa yanateleza juu ya nta. Samasoti ya kwanza. Ya pili. Mabamba yalipandana na kuachana kama yanapumua. Nilikuwa nahesabu kwa midomo. Kwenye ya tano alitua vibaya kidogo kwenye tope, na pete ya shingo ikaachia upande wa kushoto. Kofia ikainama na kumfunika macho.

Akasimama katikati ya uwanja, haoni, mikono imetanda. Ngoma ikasita. Kijana mmoja nyuma yangu akacheka, akaanza, "Eh, Kamanda kapofuka!" Wengine wakapokea. Mama wa karanga aligeuka na kunitazama huku akicheka, kama mtu anayekungoja ucheke naye.

Nilisema, "Samahani, mama, nipishe." Nikapita safu ya pili. Nikapita safu ya kwanza. Nikavuka kamba ya uwanja nikiwa na sketi ya shule, kwa sababu ndiyo sketi nzuri niliyonayo. Kelele zikaongezeka. "Fundi viatu huyo!" "Anamshonea Kamanda!" Nilisikia kila neno. Nilipofika nikasema, "Ni Recheli." Akapiga goti moja ili nimfikie. Mimi nikapiga magoti yote mawili kwenye tope.

Nikatoa ule uzi wa pamba. Nikatunga kamba. Ncha ya shazia ilikuwa karibu na kovu.

"Taratibu," akasema kutoka ndani ya kofia. "Hapo nina kidonda cha zamani."

"Najua," nikasema. "Ni mimi."

"Najua ni wewe. Shona, mdogo wangu, watu wanangoja."

Nikatia mishono saba, kila mmoja nikauzungusha mara mbili na kuvuta. Nikakata kamba kwa meno. Nikamgonga begani, kwenye mistari mitatu, ajue nimemaliza. Akasimama. Nikaokota soksi na shazia yangu, nikatoka uwanjani, na sikurudi kule nilikotoka. Nikaenda upande wa wachezaji, nikasimama karibu na Festo, magoti yangu yana tope, na nikahesabu samasoti zilizobaki kwa sauti.